Kabla hujakivika blanketi kibadilisha joto: jibu kwa msafisha mazulia wa Igoma

Swali: "Shikamoo fundi. Nasafisha mazulia na makochi hapa Mwanza, ofisi yangu ipo Igoma. Mashine imefungwa ndani ya gari. Injini yake ya petroli, nguvu za farasi 20, inazungusha pampu ya maji na blowa ya kunyonya, na maji yanapashwa na moshi wa ekzosi ndani ya kibadilisha joto. Geji ya mashine inasoma nyuzi 80, lakini nikivuta mpira hadi ghorofa ya pili, maji yanayotoka kwenye fimbo ya kusafishia ni ya uvuguvugu, hasa alasiri kwenye nyumba na hoteli za karibu na ziwa. Rafiki yangu ameniambia nikizungushie kibadilisha joto faibagilasi au sponji ya godoro, nitapata joto zaidi na petroli itapungua. Ni kweli? Na nifunge na nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na sponji ya godoro, maana hiyo haiwezi kusubiri: usiiweke. Ile ni povu la plastiki. Karibu na bomba la ekzosi itayeyuka, itashika moto, na moshi wake una sumu. Gari lako lina tanki la petroli hatua chache kutoka hapo, na kazi yako inakutaka uliegeshe chini ya dirisha la mteja. Faibagilasi ni habari nyingine, tutaifikia.

Rafiki yako hajakosea kabisa. Kuhami joto, yaani kulizuia lisitoke, kunasaidia. Ila amekuelekeza kuanzia mahali ambapo faida si kubwa, na kwa maelezo yako naona joto lako linapotea zaidi kwingine. Kabla hujatoa hela dukani, tuhesabu.

Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Fungua fimbo na uangalie ndoo inajaa kwa dakika ngapi. Tuseme imejaa kwa dakika tano, maana yake unatoa lita 4 kwa dakika. Maji yanaingia kwenye mashine yakiwa na nyuzi 25 hivi, kama ni ya bomba yanayotoka ziwani, na yanatoka na 80. Umeyapandisha nyuzi 55. Zidisha lita kwa nyuzi, kisha zidisha kwa 0.07, utapata kilowati: 4 mara 55 mara 0.07 ni kilowati 15.4. Hilo ndilo joto unaloyapa maji. Kanuni hii ishike, maana ndiyo itakayokuambia kila marekebisho yana thamani gani. Kwa mtiririko huo, kila kilowati 1 unayoiokoa inakupa karibu nyuzi tatu na nusu, si zaidi.

Sasa tukitazame kibadilisha joto chenyewe. Vipo vya aina mbili, na unapaswa kujua cha kwako ni kipi. Kuna ambacho maji yanapita nje na moshi unapita katikati, ndani ya mirija. Ganda la hicho haliwezi kuwa la moto kuliko maji yake, yaani nyuzi 80 au 90, kwa hiyo kinapoteza wati mia moja, mia mbili. Kukifunga si vibaya, lakini hutaona tofauti kwenye zulia. Aina ya pili, ambayo ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwenye mashine za magari, ina koili ya maji ndani, yaani bomba lililozungushwa kama springi, na moshi unaizunguka, hivyo ganda la nje linaguswa na moshi moja kwa moja. Tuchukue ganda la kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa sentimita 50, lililofika nyuzi 200. Mahali pasipo na upepo litapoteza takriban wati 850. Kwa kanuni yetu hiyo ni nyuzi tatu. Upepo wa ziwa wa alasiri ukipita mlango wazi wa gari, upotevu unaweza kufika mara mbili, ziwe nyuzi sita. Ni kitu, lakini hakigeuzi uvuguvugu kuwa moto.

Njoo sasa kwenye kipande ambacho karibu kila mtu anakiruka: bomba linalotoka injini kwenda kwenye kibadilisha joto. Watu hukitazama hicho chombo kikubwa na kukisahau kibomba cha sentimita 60 kinachokilisha. Lakini hapo ndipo moshi ulipo mkali kuliko sehemu yoyote ya mashine yako. Moshi wa injini ya petroli iliyobeba mzigo unaweza kupita nyuzi 500, na ngozi ya bomba kufika 400. Chuma cha moto kiasi hicho kinatoa joto lake kwa miali zaidi kuliko kwa hewa inayokigusa, na miali hiyo haipandi taratibu. Inafuata kipeo cha nne cha joto lililohesabiwa kuanzia sifuri halisi, yaani nyuzi zako ukijumlisha 273. Ndiyo maana bomba la nyuzi 400, kwa eneo lile lile, halipotezi mara mbili ya ganda la nyuzi 200. Linapoteza karibu mara nne. Kibomba cha kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 60 kina eneo lisilofika nusu ya eneo la ganda, lakini kitamwaga zaidi ya kilowati 1. Joto hilo limepotea kabla hata halijafika mahali pa kuyagusa maji.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kufunga sehemu moja tu, funga bomba hilo. Ganda lifuate.

Kabla ya yote mawili, fungua mlango wa kibadilisha joto utazame masizi. Nakusihi usiiruke hatua hii. Masizi ni kihami kizuri sana, bahati mbaya yamekaa upande usiotakiwa, kati ya moshi na koili. Nimefungua vibadilisha joto hapa mjini ambavyo koili ilikuwa imevaa koti jeusi, na mwenyewe alikuwa anatafuta blanketi la kufunga nje. Dalili yake utaipata mwishoni mwa ekzosi: pima joto la moshi unapotoka kwenye kibadilisha joto kwenda nje. Kwa injini kama yako iliyobeba mzigo, kila nyuzi 100 zinazozidi pale mwishoni ni karibu kilowati 2 zinazokwenda hewani. Linganisha na ile wati 850 ya ganda zima. Koili iliyosuguliwa kwa brashi ya waya inaweza kukurudishia kuliko blanketi la bei yoyote. Na kama masizi yanarudi haraka, injini inachoma vibaya: angalia kabureta, chujio la hewa na plagi, maana mchanganyiko wenye petroli nyingi ndio unaozaa masizi.

Ndani ya koili kuna adui mwingine, ukoko wa chokaa, ila hapa tuna bahati. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo ukitumia maji ya bomba ya mjini ukoko unajijenga polepole. Ukichota kwenye visima, hali inaweza kuwa tofauti kabisa kisima hadi kisima. Kama sufuria ya nyumbani kwa mteja imejaa ukoko mweupe, jihadhari na maji yake. Siki au asidi ya ndimu inayouzwa ikiwa unga, iliyochanganywa na maji na kuzungushwa kwenye koili, inaondoa ukoko. Asidi ya betri usiiguse, inakula koili yenyewe.

Sasa mpira wako, maana ndio unaoeleza ule uvuguvugu wa ghorofa ya pili. Geji inapima maji yakiwa mashineni. Zulia linapata maji yaliyopita mita 30 za mpira. Mpira wa milimita 13 kwa nje, urefu wa mita 30, una eneo la mita za mraba 1.2, zaidi ya mara nne ya ganda tulilolihesabu. Ukiwa na maji ya nyuzi 80 ndani na hewa ya nyuzi 25 nje, unapoteza wati 600 hadi 700 pasipo upepo. Ulaze juu ya sakafu ya saruji iliyolowa, au uuning'inize nje ya jengo upepo wa ziwa ukiupiga, na upotevu unapita hapo kwa mbali. Halafu kuna jambo la pili: wewe huachilii maji mfululizo. Unabonyeza, unaachia, unasogeza kochi, unaongea na mteja. Ndani ya mpira huo mna karibu lita moja ya maji iliyokaa inapoa. Ukibonyeza tena, kwa sekunde kumi na kitu zulia linapokea maji yaliyopoa, hata kama mashine inachemka kule chini.

Dawa ya kwanza ya mpira haina gharama: ufupishe. Kama gari linaweza kusogea na ukafanya kazi kwa mita 15, upotevu unapungua nusu, na maji yanayolala ndani yanapungua nusu pia. Nyumba zetu zimejengwa juu ya mawe na miteremko, najua si kila mahali gari linafika. Pale Isamilo au Capri Point wakati mwingine unaegesha mbali na kupandisha mpira kwenye ngazi. Kwa kazi hizo nunua ala ya povu jeusi la mpira, lile ambalo mafundi wa viyoyozi huvalisha mabomba ya shaba. Povu la milimita 9 au 13 linatosha, na la aina ya kawaida huvumilia hadi nyuzi 105 hivi, kwa hiyo maji yako hayataliharibu. Halivumilii kuburutwa, ndiyo maana utalifunika na kitambaa cha turubai kilichoshonwa kama soksi ndefu. Mafundi wa turubai wanaoshona vifuniko vya malori watakushonea. Kila unapoanza kazi, na kila baada ya kusimama kidogo, mwaga maji ya mpirani kwenye ndoo hadi yaje ya moto, ndipo upige zulia. Ndoo hiyo utaitumia kuchanganyia sabuni.

Povu hilo jeusi ni la upande wa maji tu. Usilisogeze kwenye ekzosi.

Kwenye ekzosi utatumia vitu vya moto. Faibagilasi ya kawaida, ile ya manjano inayowekwa kwenye dari, ina gundi inayoanza kuungua ikipita nyuzi 230 au 250. Kwa ganda la nyuzi 200 imekaa ukingoni, kwa bomba la nyuzi 400 haifai. Sufi ya mawe, yaani blanketi la nyuzinyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, inavumilia nyuzi 600 na zaidi, na ndiyo ninayokushauri kwa sehemu zote mbili. Utepe wa faibagilasi unaouzwa kwa ajili ya ekzosi za pikipiki na magari unafaa kwa bomba, hasa kwenye kona ambazo sufi haikai vizuri, ila ni mwembamba, hivyo uzungushe tabaka mbili zinazopandana nusu kwa nusu. Ukitafuta mtu anayejua kazi hii kwa mikono, mwulize fundi aliyewahi kufunga mabomba ya injini za meli pale bandari ya Mwanza Kusini, au aliyefanya kazi kwenye viwanda vya samaki, ambako mabomba ya baridi yamefungwa kwa uangalifu mkubwa. Wanajua kutengeneza koti la kuvulika, na hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu kila baada ya muda utalivua ili usugue masizi. Karatasi za asbesto za zamani ukipewa hata bure, zikatae. Vumbi lake husababisha saratani.

Unene usikusumbue sana. Sufi ya sentimita mbili na nusu juu ya ganda la nyuzi 200 inakata karibu tisa ya kumi ya upotevu. Ukiongeza tabaka la pili la unene ule ule, unaokoa makumi machache tu ya wati, na unapunguza nafasi ndani ya gari bure. Kinachoharibu kazi si wembamba, ni namna ya kufunga. Wengine huikaza sufi kwa waya mpaka inakuwa kama ubao. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, ukiikamua unaitoa. Funga kwa waya wa chuma kisichoshika kutu kwa kiasi cha kuishika tu isiteleze.

Na maji ndiyo mwuaji wake. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa tulivu, kwa hiyo sufi iliyolowa haina tofauti kubwa na kutofunga kitu, na juu ya hapo inakaa na unyevu dhidi ya chuma na kukila bila wewe kuona. Mashine yako inaishi katikati ya maji, pampu inatiririka, mipira inavuja kwenye viunganishi. Kwa hiyo juu ya sufi vika bati jembamba la alumini, mshono wake uangalie chini ili matone yasiingie, na acha tundu dogo sehemu ya chini kabisa ili kilichoingia kitoke. Bomba kama ni la chuma cha kawaida lililoanza kutu, libadilishe kwanza kwa chuma kisichoshika kutu. Ukilifunga litakuwa la moto kuliko zamani, kwa sababu joto halitoki tena, na chuma chembamba kilicholiwa kitatoboka ndani ya koti.

Mafuta nayo ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Sufi ya mawe haiungui, lakini sufi iliyonyonya oili ya injini au petroli inaweza kuwaka yenyewe juu ya bomba la moto. Kwa hiyo kagua uvujaji wote wa oili kabla ya kufunga, sogeza mpira wa petroli mbali, na sufi yoyote iliyolowa oili itupe usiikaushe. Unapoikata vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, nyuzi zake zinawasha ngozi na hazitakiwi mapafuni.

Kuna sehemu za kuacha wazi. Usifunike vali ya usalama, kihisi cha joto, thermostati, bomba la kumwagia maji wala njia ya kutolea moshi baada ya kibadilisha joto. Usifunge manifoldi, yaani kipande cha kwanza kinachopokea moshi kwenye injini, anza baada ya kiunganishi chake. Na viunganishi vyote vya ekzosi viache vikionekana, maana gasketi ikipasuka moshi unaingia ndani ya gari, na ndani ya moshi wa petroli mna kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Ukifanya kazi mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, hili ni la kwanza kuliko joto lolote la maji.

Umeuliza petroli. Hapa nitakuwa wazi: kwa mashine ya aina yako, kihami hakipunguzi petroli moja kwa moja. Injini inachoma kwa ajili ya kuzungusha blowa na pampu, na joto unalolitumia ni lile ambalo lingetupwa. Karibu theluthi ya nishati ya petroli hutoka kwenye ekzosi utake usitake. Unachopata ni muda: mashine inafika joto la kazi mapema, na zulia lenye mafuta linatoka kwa kupitishwa mara chache. Saa za injini zikipungua, petroli imepungua. Wenye mashine zinazopasha maji kwa kichomeo cha dizeli hesabu yao ni tofauti, kwao kila wati iliyookolewa ni dizeli isiyochomwa.

Ukishafunga kila kitu, usikimbilie joto la juu kabisa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ndani ya mpira wenye shinikizo hayachemki, lakini yakitoka kwenye fimbo yakiwa juu ya hapo yanageuka mvuke usoni mwako. Weka thermostati mashineni isipite 90. Mazulia mengi ya majumbani hapa ni ya polipropilini, ambayo inavumilia maji ya moto vizuri, lakini zulia la manyoya ya kondoo usilipe zaidi ya nyuzi 65 hivi, na jaribu kwanza kwenye kona. Joto jipya ulilolipata lisije likakuharibia zulia la mtu.

Siku ya kwanza baada ya kufunga, washa mashine nje, mahali pa wazi, na uiache ifanye kazi kama nusu saa ukiiangalia, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi. Kutakuwa na harufu na moshi mwepesi wa gundi inayoungua kwenye sufi, huo utaisha. Moshi usioisha, au wenye harufu ya oili, zima uvue koti.

Kisha pima kwa namna ile ile uliyopima mwanzo, saa ile ile ya alasiri, mpira ule ule, maji yakikimbia lita zile zile kwa dakika. Kipima joto cha miale usikielekeze kwenye alumini inayong'aa, kitakudanganya kwa kusoma chini sana. Kwenye bati bandika kipande cha utepe mweusi ndipo upime hapo. Bomba tupu la ekzosi lipake rangi nyeusi ya kuvumilia moto, maana utepe utaungua. Niandikie namba tatu: joto la maji mashineni, joto kwenye ncha ya fimbo, na joto la moshi unapotoka nje. Kwa hizo nitajua kama kilichobaki ni mpira, koili, au injini yenyewe.